Baba, Akili Yangu Haikurudishwa na Fimbo

Baba yangu,

Wewe hutaisoma barua hii, hilo nalijua. Watakaoisoma ni wale waliokuwa wamekaa chini ya hema siku ya tatu ya matanga yako, pale nyumbani, mtaa wa Juba Na Bari, Baba Mdogo aliposimama kukusifu. Nakuandikia wewe ili wao wasikie.

Unamjua ndugu yako akishika maikrofoni. Alieleza jinsi vita vilivyowatenganisha, yeye akakimbilia Uganda, wewe ukakimbilia Kenya na Mama na sisi watoto wawili. Akaeleza miaka uliyotengeneza redio kule Kitale mpaka tuliporudi Juba. Watu walitikisa vichwa, wengine wakalia. Kisha akaninyooshea kidole mimi, niliyekuwa nazungusha chai na birika mkononi.

"Hii mtoto munaona," akasema, "ilikuwa kichwa ngumu kabisa. Ilikuwa haishiki kitu. Marehemu alinyoosha yeye na fimbo. Leo iko mkunga, nazalisha watoto ya watu! Nyinyi vijana munaogopa kuchapa, ndiyo maana watoto yenu iko bure."

Watu wakasema amina. Mimi nilisimama na birika langu, nikanyamaza. Picha yako ilikuwa mezani mbele yetu, na sikutaka kukubishia ukiwa huna mdomo wa kujibu.

Nilikosea kunyamaza. Miezi miwili haikuisha, kaka Lado akamchapa mwanawe, Poni. Unamkumbuka Poni, mjukuu wako aliyekuwa akikuvua viatu. Sasa ana miaka kumi. Mwalimu wake alikuwa ameleta habari kwamba mtoto anakaa darasani akiangalia nje, anaulizwa swali hajibu. Nilipoziona alama za fimbo miguuni mwake nikampigia kaka simu kule Sherikat anakouza vipuri vya pikipiki. Hakukana.

"Si hata wewe ulichapwa, sista?" akaniambia. "Na umetoka poa."

Nilikata simu. Tangu siku ile neno hilo halijanitoka. Umetoka poa. Kama chapati iliyogeuzwa vizuri. Basi leo najibu, mbele yako na mbele yao: sikutoka poa. Na pale nilipopona, haikuwa kwa fimbo.

Nianze na lile ninalolipenda, usije ukadhani nakuandikia kwa hasira peke yake. Napenda kukukumbuka ukiwa kwenye kile kibanda chako Kitale, mlango wa bati umeegeshwa jiwe, redio ya mtu imefunguliwa mgongo mbele yako. Skrubu ulizipanga kwenye kifuniko cha kopo kwa mfuatano ulioujua wewe. Ulipoanza kushika nyaya hata pumzi yako ilibadilika, ikawa ndogo, ya taratibu. Mtu angeweza kugombana mlangoni na wewe usigeuke. Nilikuwa nasimama ng'ambo ya meza nikikutazama, na hukunifukuza kwa sababu hukujua kwamba nipo. Sijawahi kumwona mtu akiwa mahali alipo kama ulivyokuwa wewe pale. Redio iliyonyamaza hukuitukana. Uliifungua, ukaisikiliza, ukatafuta mahali waya ulipoachia. Ungeweza kushinda siku nzima, na ukashinda.

Jioni ukija nyumbani ulikuwa mtu mwingine. Unakumbuka ile meza ya mbao laini, mimi upande mmoja, wewe upande mwingine, na fimbo ya mpera katikati.

"Saba mara nane?"

Saba mara nane nilikuwa naijua. Asubuhi nilimwambia Mama bila kusita, yeye akikuna karoti. Lakini jioni mvua ilipiga mabati, akili yangu ikaenda kwenye mvua. Mama alikohoa jikoni, ikaenda kwenye kikohozi.

"Kichwa yako iko wapi, Kiden?"

Fimbo ilishuka. Na kuanzia hapo akili haikwenda kwenye mvua tena, ilikwenda kwenye fimbo. Nataka Lado aelewe hapa, na wote waliosema amina waelewe: tangu siku zile sikuwa nasoma hesabu. Nilikuwa nasoma mkono wako. Nilijua bega lako linavyopanda kidogo kabla ya kupiga. Nilijua ukivuta hewa kwa pua bado nina nafasi, ukivuta kwa mdomo imekwisha. Mtoto uliyesema hashiki kitu alikuwa ameshika mambo yako yote, moja moja. Umakini ulikuwepo, Baba. Ulitumika wote kukuogopa, jedwali la saba halikubakiwa na kitu.

Nilipokuwa darasa la saba, muhula wa pili, ulikwenda shuleni ukarudi na madaftari yangu kwapani.

"Kalas," ulimwambia Mama, yaani basi, imekwisha. Ulikuwa ukisema Kiarabu cha Juba pale usipotaka mtu akujibu. "Huyu hana kichwa. Akae akusaidie mboga."

Mama alikujibu kwa sauti ya chini, sikusikia alisema nini. Wewe ulikwenda kulala. Madaftari yalibaki juu ya kabati mpaka panya wakayamaliza, na Lado, ambaye alichapwa kuliko mimi, aliendelea na shule kwa sababu alikuwa wa kiume.

Nayasema haya bila kuyapaka sukari. Lakini mimi nilirudi darasani. Tuliporudi Juba nilipata kazi ya kufagia kliniki, na mchana nikasoma na watu wazima mpaka nikapata cheti changu. Nikaomba chuo cha ukunga nikiwa na miaka thelathini na moja. Siku nilipokuletea barua ya kukubaliwa, uliisoma mara mbili ukiwa umekaa chini ya rakuba yetu, kivuli kile cha miti na nyasi ulichokijenga mwenyewe uani, kisha ukanirudishia.

"Watakufukuza kabla ya mvua," ulisema. Ukacheka kidogo, bila ubaya, kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana.

Ni kweli walikaribia kunifukuza. Hilo sijawahi kukuambia, sikutaka ufurahi.

Kilichonishinda kilikuwa kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Ni kitu kidogo, kama tarumbeta ya kuchezea. Unaweka upande mmoja kwenye tumbo la mama, upande mwingine unaweka sikio, unahesabu mapigo kwa dakika nzima. Dakika moja, Baba. Mimi dakika moja sikuiweza. Nafika thelathini, muuguzi anaangusha kitu, nimepotea. Naanza upya, nafika hamsini, nakumbuka sikufunga mlango nyumbani. Nikipotea mwili wote unakakamaa nasubiri kupigwa, mwanamke mzima, mbele ya mama mjamzito anayeniangalia kwa huruma. Mwishowe nikawa nabuni. Naandika mia thelathini na sita, mia arobaini, namba nzuri nzuri, kisha natoka nje na aibu yangu.

Mwalimu wetu, Mama Asunta, alinikamata. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa ameishi kambini Uganda miaka mingi akizalisha wanawake kwa mwanga wa tochi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alichukua kipembe, akahesabu mwenyewe, akaangalia nilichoandika.

"Hii namba umetoa wapi?"

Nikasema kweli. Nikamwambia sina kichwa, na kwamba hata baba yangu alijua. Nilidhani ataniambia nifungashe.

"Kichwa iko," akasema. "Akili ndiyo inatoroka. Sasa, ikitoroka wewe nafanya nini?"

"Naitukana."

"Eeh. Halafu inarudi?"

Nikamwambia hairudi.

"Akili yako ikienda, usichape yeye. Rudisha tu. Ikienda tena, rudisha tena. Kesho kuja mapema."

Kesho yake alinikalisha kwenye benchi nyuma ya darasa, jenereta ikinguruma hatua chache kutoka kwetu. Nikamwomba tutafute mahali pa kimya. Akanicheka. "Juba hii utapata kimya wapi? Wodi iko na kimya?" Akaniambia niweke miguu chini, nifumbe macho au niyaache wazi, nifuate hewa ikiingia na ikitoka, nihesabu mpaka kumi, nianze tena. Dakika kumi. Hakunipa wimbo wala neno la kurudia. Siku hizi nasikia watu wanaliita zoezi hili kwa majina marefu na kuliandikia vitabu. Yeye aliliita kukaa.

Siku ya kwanza nilifika tatu. Kisha nikawa Kitale, kwenye ile meza, na bega lako linapanda. Nilifungua macho nikilia, nikamwambia kitu hiki hakinifai, kinaleta mabaya.

"Hajaleta," akasema. "Alikuwa hapo siku yote. Sasa umeona yeye. Rudi kwa pumzi."

Nilirudi. Sijui nieleze vipi, Baba, kwamba lile ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya, na mtu akipita angeona tu mwanamke amekaa kwenye benchi. Nilipotea mara hamsini nikarudi mara hamsini. Nilipomlalamikia kwamba napotea tu, akaniambia kule kurudi ndiyo kazi yenyewe. Asiyepotea hana cha kujifunza.

Kisha akaliingiza zoezi hilo kazini. Kunawa mikono, kwa mfano. Mkunga ananawa mikono mara nyingi kwa siku, na wengi wetu tulikuwa tunanawa huku akili iko sokoni. Yeye alisimama kando ya pipa la maji akasema nawa kidole kimoja kimoja, sikia maji, sikia sabuni, usiende mahali. Nikijikuta nimeenda, narudi kwenye kidole nilichokiacha. Nikaanza kufanya hivyo na kitabu. Nasoma ukurasa, nagundua mistari mitatu imepita macho yakisoma peke yao. Zamani ningejiita mjinga na kufunga kitabu. Sasa narudi juu mistari mitatu, bila kelele, naendelea. Ni hilo tu. Haukuwa muujiza, bado nilikesha na kunakili na kuuliza wenzangu mpaka wakachoka nami. Lakini usiku ule wa kukesha ulianza kuleta kitu, kwa sababu nilikuwepo.

Na nyumbani pia. Asida yangu, ugali wetu wa Juba, ikaacha kuungua. Nikavuka barabara ya Juba nikiangalia barabara. Mama alipokuwa ananieleza habari nikagundua kwamba kwa miaka yote nilikuwa nasikia mwanzo wa hadithi zake na kujaza mwisho mwenyewe. Mwisho wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Nikafika dakika moja. Nikafika nikiwa nimepiga magoti kando ya mama mmoja wa Hai Mauna, mia thelathini na mbili, na Mama Asunta akahesabu nyuma yangu akapata mia thelathini na mbili. Hakunipongeza. Alisema, "Mwingine," akaenda.

Sasa nikueleze mchana wa Alhamisi, mwaka wangu wa mwisho. Nilikuwa kwenye mafunzo wodini, hospitali siitaji. Wanawake sita walikuwa kwenye uchungu na vitanda vinne. Ndugu za wagonjwa walikuwa wanazozana mlangoni, jua limechoma bati mpaka unasikia linapasuka. Mmoja alikuwa msichana wa miaka ishirini, uzazi wake wa kwanza, akinishika kitambaa cha kichwa kila uchungu ukikaza. Mkunga mkuu wa zamu alikuja, akaweka kipembe, akahesabu harakaharaka robo dakika, akazidisha kichwani, akasema mtoto yuko sawa. Simlaumu. Alikuwa na wanawake sita.

Mimi niliweka sikio langu baada ya uchungu kulegea. Nikarudi kwenye pumzi yangu moja, kisha nikasikiliza. Mapigo yalikuwa yanachelewa. Yalishuka, yakakaa chini, yakapanda polepole kama mtu mwenye mzigo. Nikahesabu dakika nzima: tisini na mbili. Nikasubiri uchungu mwingine upite. Themanini na nane.

"Mtoto anachoka," nikamwambia mkunga mkuu. "Tumwite daktari."

"Nimeshapima, yuko sawa."

"Mlipima kabla uchungu haujapita, mama. Baada yake anashuka."

"Wewe ni mwanafunzi," akaniambia mbele ya watu wote. "Na mambo yako ya kufumba macho nimeyasikia. Rudi kwenye kazi yako."

Unajua mimi nilivyo mbele ya sauti kubwa, Baba. Wewe ndiye uliyenifundisha. Mwili wangu wote ulitaka kuinama. Niliona kabisa akili ikikimbia, ikienda kwenye bega lake kuangalia kama litapanda. Nikairudisha. Nikamwambia, "Nitarudi nikishamwita daktari," nikatoka mbio. Nilijua wanaweza kunifukuza siku ileile.

Daktari alikuja akipangusa mikono. Alisikiliza mwenyewe, na hakuuliza swali la pili. Walimpeleka kupasuliwa. Kamba ya kitovu ilikuwa imezunguka shingo ya mtoto mara mbili. Alitoka wa bluu, kisha akawa wa kijivu, kisha akalia, na mimi nilikaa sakafuni kwenye korido. Mkunga mkuu alipita, akasimama, akaniletea kikombe cha maji. Nikakinywa.

Kwa hiyo mtu akisimama mbele yangu kusema fimbo ilinifanya mkunga, namwambia fimbo ilikuwepo siku ile, kweli. Ndiyo iliyotaka niiname.

Wapo pia waliokuwa na lao kanisani. Waliposikia kwamba ninakaa kimya asubuhi, wakaanza kunong'ona kwamba nimeleta ibada ya kigeni, kwamba akili ikiachwa tupu shetani huingia. Mama mmoja aliniuliza mbele ya kwaya namwabudu nani. Nilimjibu kwamba Mungu aliyenipa pumzi haoni wivu nikiihesabu. Nikaendelea kuimba sauti ya pili, mahali pangu pa siku zote. Hawajanitoa.

Wewe mwenyewe ulisema ni mambo ya kawaja, ya Wazungu. Ilikuwa mwanzo wa ugonjwa wako, kifua kilipoanza kukubana na ukawa huwezi kulala chali. Nilihamia Juba Na Bari kukuuguza. Ukibanwa uliogopa, ukiogopa ulibanwa zaidi, na nilikuona ukishika kingo za kitanda kama mtu anayetupwa. Nilikuambia niweke mkono wangu tumboni kwako, tufuate hewa pamoja.

"Toka na mambo ya kawaja," ulinijibu.

Sikubishana. Dawa nilikupa, mto nilikupandishia. Lakini kila mchana nilikaa kando ya kitanda chako nikafanya langu, na wewe ukanitazama, kama mimi nilivyokutazama Kitale. Nadhani ilikuwa wiki ya tatu. Mama alikuwa ameenda kanisani, Lado yuko Sherikat. Ulibanwa, ukanyoosha mkono, ukanishika kidole.

"Haya," ukasema. "Nionyeshe."

Tukahesabu. Ulifika nne. Ukapotea, ukaniangalia kama mtoto aliyevunja kikombe. Nikakuambia, "Anza moja, Baba. Hakuna shida." Ukaanza moja. Ugonjwa haukuondoka, na sikukudanganya kwamba utaondoka. Woga ulipungua. Ukaachia kingo za kitanda.

Ulifumba macho, nikadhani umelala.

"Nilikupiga sana?" ukauliza.

Watu wangu wote walikuwa wamenifundisha jibu la swali kama hilo: hapana Baba, ulitulea vizuri. Nilivuta hewa nikasema, "Ndiyo, Baba."

"Mimi pia nilipigwa."

"Najua."

Ukaangalia dari. Ukavuta hewa yako ile ndogo. Kisha ukasema, "Malesh." Neno moja tu la Juba, lile watu wanasema wakikukanyaga sokoni. Lakini ulilisema ukiniangalia, na macho yako yalikuwa yamejaa. Baada ya siku kumi na moja ukaondoka.

Hilo ndilo nililolibeba na birika la chai siku ile, Baba. Ndugu yako anakusifu kwa fimbo ambayo wewe mwenyewe ulikwisha kuiombea radhi. Nilinyamaza kulinda heshima yako, nikamwacha Poni achapwe kwa jina lako. Sitarudia. Nadhani heshima yako iko kwenye neno hilo moja kuliko kwenye hotuba yote ya Baba Mdogo, na akitaka kukasirika, anajua nyumbani kwangu.

Poni nilimchukua. Nilikwenda Sherikat Jumamosi asubuhi, nikamwambia Lado mtoto atakaa kwangu Hai Mauna muhula huu. Aligomba, nikagomba. Mkewe ndiye aliyefunga begi. Sasa tunakaa pamoja kila siku kabla ya shule, dakika tano, maana kumi kwake ni nyingi. Siku za mwanzo alicheka. Kisha akaniambia kwamba akili yake ni mbuzi, inakula kamba. Nikamwambia amfuate mbuzi amrudishe, asimpige. Darasani bado anaangalia nje. Tofauti ni kwamba anagundua, anarudi. Wiki iliyopita alinisomea ukurasa mzima wa kitabu cha sayansi kwa kidole, alipotea mara nne, na mara zote nne alirudi mwenyewe bila kunitazama usoni kuona kama nimekasirika. Hilo la kutonitazama lilinifanya nitoke nje nikapanguse macho.

Jumapili Lado alikuja kumdai. Alisimama uani na ufunguo wa pikipiki mkononi.

"Mtoto ni wangu, Kiden."

"Ni wako. Muhula ukiisha atarudi, na fimbo isiwepo."

"Wewe unamlea kizungu. Mzee angekuona..."

"Mzee aliniona," nikasema. "Na aliniomba msamaha."

"Usimsingizie mzee." Sauti yake ilipanda. "Mzee hakuwahi kuomba mtu msamaha. Hata siku moja."

Nikamweleza. Kitanda, kidole, nne, moja, neno lenyewe. Nilimweleza bila kuongeza kitu. Kaka yangu, ambaye mgongoni ana alama ambazo mkewe amezoea kuzipaka mafuta bila kuuliza, alikaa kwenye kiti cha plastiki, akawa anageuzageuza ule ufunguo.

"Alisema malesh? Kweli?"

"Kweli."

Poni alikuwa mlangoni na kitabu chake. Lado hakumwona.

"Kwangu hakusema," akasema.

Basi ndiyo maana nimeandika, Baba. Siombi ruhusa, maana hukuiacha. Lile neno ulinipa mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo, lakini halikuwa langu peke yangu. Lado alipigwa kuliko mimi na amebaki bila kitu. Akiisoma barua hii asome hapa polepole, na akili yake ikimtoroka airudishe: Lado, kaka yangu, Baba alisema malesh. Nusu yake ni yako. Kama Baba hakukusudia kuligawa, ataniambia tukikutana. Mimi nimeshaligawa.

Pumzika, Baba. Nakupenda, na sifuti hata mstari.

Binti yako,
Kiden, mkunga
Hai Mauna, Juba